Namna ya Kufanya Ziara Binafsi ya Siku Moja katika Milima ya Udzungwa

Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa mwaka 1992 na yenye ukubwa wa kilomita za mraba 1,990, hutembelewa kwa miguu, kwa sababu ndani yake hakuna barabara za kupitisha magari ya watalii. Aliyezoea kuzunguka Mikumi au Serengeti akiwa ameketi garini, dereva akiwasiliana na madereva wenzake kwa redio ili kujua simba yuko wapi, hana budi kuipanga safari ya Udzungwa kwa namna nyingine kabisa. Hapa mtu huenda na mwongozaji wake, hatua kwa hatua, chini ya miti mirefu, na atakachokiona hutegemea zaidi mwendo wake na ukimya wake kuliko umbali alioutembea.

Hiyo ndiyo sababu ninayowashauri watu waende kwa ziara binafsi badala ya kujiunga na kundi la watu wasiofahamiana. Wengi hudhani kwamba ziara binafsi ni anasa ya wenye fedha, ilhali faida yake kubwa katika msitu kama huu ni kwamba inakupa mamlaka ya kusimama. Kundi la watu kumi na wawili hutembea kwa mwendo wa anayetaka kufika, huzungumza likiwa njiani, na mbega anapolisikia hupanda juu zaidi na kujificha nyuma ya majani. Watu wawili au watatu wenye mwongozaji wao wanaweza kukaa chini ya mti mmoja kwa nusu saa nzima, na nusu saa hiyo mara nyingi ndiyo inayobeba thamani ya siku yote.

Kwanza, ujue unakwenda kuona nini

Udzungwa ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, safu inayoanzia Vilima vya Taita nchini Kenya, ikapita Pare, Usambara, Nguru, Uluguru na milima mingine, hadi kufika hapa kusini. Pepo zenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi zimeifanya misitu ya milima hii idumu kwa muda mrefu mno, hata nyakati ambazo nchi tambarare zilizoizunguka zilikuwa kavu, na kwa kuwa kila mlima ulibaki peke yake kama kisiwa, viumbe wake waliendelea kubadilika bila kuchanganyika na wa mahali pengine. Matokeo yake ni kwamba Udzungwa ina wanyama, ndege, vyura na mimea ambayo haipatikani popote pengine duniani. Ndani ya hifadhi ardhi hupanda kutoka mita 250 hivi juu ya usawa wa bahari hadi mita 2,576 katika kilele cha Luhombero, na upande wa mashariki msitu huteremka bila kukatika hadi karibu na mashamba ya Bonde la Kilombero, jambo ambalo limekuwa adimu sana katika Afrika Mashariki.

Kwa mgeni wa siku moja, wanyama wa kutazamia ni nyani na jamaa zake. Mbega mwekundu wa Udzungwa, mwenye nywele za rangi ya kutu kichwani, ndiye rahisi zaidi kumwona, kwani makundi yake huja hadi ukingo wa msitu karibu na lango la Mang'ula. Mbega mweusi mwenye manyoya marefu meupe mabegani na kima huonekana pia katika miti hiyo hiyo, wakati mwingine wote wakila pamoja. Wa nne ni ng'olaga, ambaye Wazungu humwita kwa jina la Sanje, na huyu anahitaji subira na bahati. Wanasayansi walimtambua mwaka 1979 baada ya kusikia mlio wasioujua ndani ya msitu, lakini wenyeji walikuwa wakimfahamu siku zote na walikuwa na jina lake. Ng'olaga anaishi katika misitu miwili tu, Mwanihana ulio ndani ya hifadhi na ule wa Uzungwa Scarp ulio kusini, na hakuna mahali pengine duniani anakopatikana.

Ni vizuri pia kujua mambo ambayo siku moja haiwezi kukupa. Kipunji, nyani aliyegunduliwa na wanasayansi mwanzoni mwa miaka ya 2000, anaishi katika msitu wa Ndundulu, ambao hauwezi kufikiwa kwa matembezi ya mchana kutoka Mang'ula. Vivyo hivyo kwale wa Udzungwa, ndege aliyejulikana mwaka 1991 baada ya watafiti kuona miguu ya ndege wasiyemtambua ndani ya chungu cha chakula kambini. Tembo na nyati wapo, lakini katika matembezi mafupi utakayoyaona zaidi ni nyayo na kinyesi chao. Kampuni inayokuahidi kipunji kwa ziara ya siku moja ya Mang'ula haijui inachokiuza, na ni afadhali uiache.

Msimu na mahali pa kulala

Miezi mikavu ni kuanzia Juni hadi Oktoba. Kati ya hiyo, mimi ningechagua mwisho wa Juni na Julai, kwa kuwa masika yanakuwa yameisha na njia zimeanza kukauka, huku maporomoko yakiwa bado na maji mengi. Ukienda Oktoba utatembea kwa urahisi zaidi, lakini maji yatakuwa yamepungua. Kuanzia Machi hadi Mei njia huteleza sana, na siyo wakati wa kumpeleka mzazi mwenye umri mkubwa au mtoto.

Kuhusu malazi, ushauri wangu ni mmoja: lala Mang'ula usiku wa kuamkia ziara. Makao makuu ya hifadhi yako hapo, kilomita 60 hivi kusini mwa mji wa Mikumi, katika barabara inayopita Kidatu kuelekea Ifakara. Anayetoka Dar es Salaam anaweza kupanda treni ya SGR hadi Morogoro na kuchukuliwa hapo na gari alilokodi, au akapanda basi la Ifakara na kushuka Mang'ula. Reli ya TAZARA nayo inapita hapo. Kampuni nyingine hupenda kukutoa Mikumi alfajiri, au hata Morogoro, ili kukupunguzia gharama ya chumba, lakini kutoka Morogoro ni kilomita zaidi ya 170, na utakapofika langoni, ukajiandikisha na kulipa, jua litakuwa limekwisha panda. Nyani hula na kutembea zaidi asubuhi. Saa sita mchana hupumzika ndani ya majani mazito, na mtu aliyefika saa nne atapanda mlima wakati wa joto kali ili kuwatazama wanyama waliolala. Mang'ula ina nyumba za kulala wageni za kawaida zinazotosha kwa usiku mmoja.

Kupatana na mwongozaji

Zipo njia mbili. Ya kwanza ni kwenda mwenyewe hadi lango la Mang'ula na kuomba mwongozaji wa hifadhi, kwa sababu hairuhusiwi kuingia msituni bila mwongozaji au askari wa uhifadhi. Njia hii ni nafuu, na waongozaji wa hapo wanaufahamu msitu vizuri. Ya pili ni kutumia kampuni ya utalii, itakayokupa gari, dereva, chakula na mwongozaji wake, pamoja na yule wa hifadhi pale anapohitajika. Kwa familia yenye watoto, au kwa mtu anayetaka kuunganisha Udzungwa na Mikumi katika safari moja, njia ya pili ina faida zake. Kampuni yoyote unayoifikiria iulize kama ina leseni ya biashara ya utalii, ile ambayo wengi bado wanaiita TALA, na uombe kuiona. Kampuni halali haichukizwi na ombi hilo.

Kabla ya kulipa malipo ya awali, pata kwa maandishi orodha ya vitu vilivyomo katika bei. Hapa ndipo ugomvi mwingi wa safari unapozaliwa. Bei huwa na sehemu kadhaa: kiingilio cha hifadhi kwa kila mtu, ada ya mwongozaji, gari na mafuta, posho ya dereva, chakula cha mchana, na maji. Uliza kila sehemu kwa jina lake, na uulize pia kama usafiri kati ya Mang'ula na kijiji cha Sanje umehesabiwa, kwani njia ya maporomoko ya Sanje haianzii makao makuu. Gari, mafuta na mwongozaji hugharimu karibu kiasi kile kile mkiwa wawili au wanne, kwa hiyo ndugu au marafiki wanne wanaofahamiana hupunguza sana gharama ya kila mmoja bila kuipoteza faida ya kuwa peke yao. Zaidi ya wanne singeshauri.

Viingilio hubadilika, hivyo viulize TANAPA yenyewe, shirika linalosimamia hifadhi za taifa, siku chache kabla ya safari. Raia wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki hulipa kwa shilingi kiwango cha chini sana kuliko wageni wengine, lakini ni lazima wathibitishe uraia wao, kwa hiyo beba kitambulisho cha taifa au pasipoti. Ndugu aliyekuja likizo kutoka ng'ambo akiwa na pasipoti ya nchi nyingine atahesabiwa kama mgeni, na ni heri ajue hilo nyumbani kuliko kulibishania langoni. Malipo hufanywa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, kupitia benki au simu, au kwa kadi. Usitegemee kukabidhi fedha taslimu dirishani.

Jambo la mwisho katika mapatano, na kwangu ndilo kubwa kuliko yote, ni kuzungumza na mwongozaji mwenyewe kabla ya siku yenyewe, hata kwa simu. Mwambie wazi kwamba unakwenda kutazama wanyama na mandhari, na kwamba huna haraka ya kumaliza njia. Muulize ni kundi gani la mbega limeonekana wiki hiyo na mahali gani. Muulize pia kuhusu ng'olaga: watafiti wamelizoesha kundi moja la msitu wa Mwanihana kuwepo kwa watu, na yeye atajua kama inawezekana kulifuata siku hiyo, na kwa utaratibu gani. Mwongozaji anayejibu maswali haya kwa kutaja mito, miti na saa ndiye unayemtaka. Anayejibu kwamba kila kitu kipo na utaona vyote, muombe kwa heshima akutafutie mwenzake.

Njia ipi uchague

Kwa siku moja, njia ninayoipendekeza ni ya mzunguko wa Sanje. Ina urefu wa kilomita 5 hivi, na mtu asiyesimama anaweza kuimaliza kwa saa nne. Wewe itengee saa sita au saba. Maji ya Sanje huanguka jumla ya mita 170 kwa ngazi tatu, na katika sehemu ya kati kuna vidimbwi ambavyo mtu anaweza kuoga akiongozwa na mwenyeji wake. Ukifika juu, Bonde la Kilombero hujitandaza mbele yako, mashamba ya miwa na mpunga yakionekana hadi mbali, na hapo unaelewa kwa macho jinsi maji ya mlima yanavyowalisha watu wa bondeni. Umeme wa Kihansi nao hutokana na maji ya safu hii, na ule wa Kidatu hupata sehemu ya maji yake humu. Njia ina sehemu zenye mteremko mkali, na magoti yatachoka zaidi wakati wa kushuka kuliko wakati wa kupanda.

Mwenye watoto wadogo au wazee achague njia fupi ya maporomoko ya Prince Bernhard, yenye urefu wa kilomita moja hivi kutoka makao makuu, au ile ya Sonjo yenye kilomita 2.5. Zote mbili ni nyepesi, na mbega huonekana huko pia. Njia ya Mwanihana, yenye kilomita 38, huchukua siku tatu na huhitaji askari mwenye silaha, kwa hiyo haimo katika maelezo haya.

Vitu vya kubeba

Mang'ula iko chini, na joto lake lina unyevu mwingi hata katika miezi ya baridi, hivyo maji lita mbili kwa kila mtu ni kiasi cha chini kabisa. Vaa viatu vyenye meno, suruali ndefu na soksi ndefu unazoweza kuzipandisha juu ya suruali, kwa sababu siafu wapo na hawatoi taarifa. Mvua inaweza kunyesha hata Agosti, kwa hiyo beba koti jepesi na mfuko usiopenya maji kwa ajili ya simu na kamera. Mfuko wa plastiki wa kubebea bidhaa usiubebe, kwani umepigwa marufuku Tanzania tangu Juni 2019. Rangi za nguo ziwe za kijani au za udongo.

Kitu ambacho watu husahau ni darubini. Mbega hukaa juu sana, na ukimtazama kwa macho matupu utaona kivuli chenye mkia. Kwa darubini ndogo tu utaona uso, utaona mama anavyomkumbatia mtoto, na utaona jinsi anavyolivuta tawi kwa mkono usio na kidole gumba, ambacho kwa jamii yote ya mbega ni kidogo mno au hakipo. Kama una fedha za kununua kitu kimoja kwa ajili ya safari hii, nunua darubini kabla ya lenzi ya kamera. Chini ya miti mwanga ni hafifu, na picha nyingi hutoka nyeusi.

Siku yenyewe

Fika langoni linapofunguliwa, ukiwa umekwisha kunywa chai. Kamilisha malipo jioni ya siku iliyotangulia ikiwa ofisi inaruhusu. Baada ya hapo mwachie mwongozaji atangulie, na mtembee kwa mpangilio huu: hatua chache, kisha mnasimama na kusikiliza. Msitu mnene huwafikia watu kwa masikio kabla ya macho. Matawi yanayotikisika pasipo upepo ni dalili ya kima au mbega. Vipande vya majani mabichi vilivyotafunwa chini ya mti vinaonyesha kwamba kuna anayekula juu sasa hivi. Mlio mzito unaopanda na kuishia katika kububujika, ukitokea mbali, huenda ukawa wa ng'olaga dume, na hapo mtazame mwongozaji, si miti, kwa sababu yeye ndiye atakayejua kama mfuate au mngoje. Ng'olaga hutafuta chakula chini kwa muda mwingi, mbegu, matunda na uyoga, kwa hiyo macho yako yatazame pia kati ya mashina. Huko chini, ukisikia majani makavu yakichakarishwa kwa haraka, simama: anaweza kuwa sange, mnyama mdogo mwenye pua ndefu.

Mkiwapata wanyama, kaeni chini. Mtu aliyekaa humtisha mnyama kidogo kuliko aliyesimama, na mtu anayeelekeza kidole humtisha zaidi kuliko wote wawili. Msisogee karibu kuliko mwongozaji anavyowaruhusu, wala msiwape chakula hata punje. Nyani hupata magonjwa ya mafua na kikohozi kutoka kwa binadamu, na kundi la ng'olaga haliwezi kuletwa tena kutoka mahali pengine likiangamia. Ukiamka na mafua siku ya safari, ahirisha. Ni gharama, lakini ni haki ya wanyama hao.

Kuhusu chakula cha mchana, kuleni mahali anapoonyesha mwongozaji, na mfunge mabaki yote mrudi nayo, yakiwemo maganda ya machungwa na ndizi. Nyani wa manjano aliyezoea kupata mabaki huwa mwizi, na hatimaye huwa hatari kwa wakulima wa vijiji vya jirani.

Baada ya kushuka

Bahashishi si lazima, lakini ni desturi njema, na impatie moja kwa moja yule aliyewaongoza badala ya kumtumia dereva au kampuni. Mkiona jambo lisilo la kawaida msituni, kama mtego wa waya, mti uliokatwa au mnyama aliyejeruhiwa, mwambieni mwongozaji palepale na mlitaje tena ofisini mnapotoka, mkieleza mahali na saa. Mitego ya waya ni vigumu kuonekana, na macho ya wageni wanaotembea polepole huisaidia hifadhi kuipata.

Anayerudi Mikumi siku hiyo hiyo aondoke Mang'ula ifikapo saa kumi alasiri, ili apite Kidatu kukiwa na mwanga, kwani baiskeli, bodaboda na matrekta ya miwa ni mengi barabarani na mengine hayana taa. Anayetaka kuendelea Morogoro atapita ndani ya Hifadhi ya Mikumi, ambako barabara kuu huvukwa na wanyama usiku kucha, na kwake ni bora kulala Mikumi na kuondoka asubuhi.